Naenda Kuzamia, Mama

Kosa la kwanza nililifanya kwenye simu, hata kabla sijajua tunakwenda wapi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Mwezi wa saba nachukua likizo. Naenda kuzamia."

Kimya. Nikaitazama simu nikidhani chaji imeisha. Mama yangu yuko Nzega. Bahari ameiona mara moja tu, akasema maji ni mengi, akaomba arudishwe nyumbani. Kwake yeye kuzamia kuna maana moja: unajificha melini usiku, chini ya magunia, ukaibukie Durban. Mtoto wa shangazi yangu alizamia miaka ya 90, na mpaka leo tunachopata kwake ni salamu.

"Mkeo anajua?"

"Anajua. Kaka yake ndiye anayenipeleka."

"Yule wa Maskati?"

"Huyohuyo."

"Na watoto unamwachia nani?"

"Mama, ni siku tatu tu."

"Hata mtoto wa shangazi yako alisema siku tatu."

Nikamweleza yote: mtungi mgongoni, miwani usoni, kushuka chini kutazama samaki. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza ni pesa ngapi mtu analipa kwenda kuwatazama samaki ambao pale Feri wamelala juu ya meza, na kuwatazama ni bure. Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Sasa, hilo wazo halikuwa langu. Shemeji yangu ni mtu wa Unguja anayeishi Maskati, na kila Julai hulikimbia joto la kule akaja kupumua huku. Ana cheti cha kuzamia mita 18, na visiwa vya Daymaniyat vya kule Omani anavijua kama mimi ninavyoijua Mbagala. Mwaka huo akapiga simu: "Yakhe, safari hii sikai barazani. Tutafute pahala tukazamie. Wewe ndiye mwenyeji, chagua."

Mwenyeji! Neno hilo likanipanda kichwani. Mimi Mnyamwezi, kuogelea nilijifunzia kwenye lambo la ng'ombe, lakini nimekaa Dar miaka 16, na mtu akikuita mwenyeji huwezi kumwambia ngoja kwanza nikaulize.

Nikachora jedwali nyuma ya kalenda. Kisiwa cha Mnemba kilikuwa cha kwanza, maana kila picha nzuri ya chini ya maji naambiwa imepigwa hapo. Nikakikata. Si kwa ubaya wake: Mnemba iko Unguja, na Unguja yuko mama mkwe. Ukifika lazima ukamsalimie, ukishamsalimia kuna mama wadogo wawili, halafu kuna shangazi aliyekasirika tangu siku ya harusi kwa sababu ya pilau. Likizo inakwisha hujalowa hata unyayo. Pemba nayo nikaipenda: Misali, na ile rasi ya Kigomasha kule kaskazini, ambako mwamba unashuka kama ukuta mpaka macho yanashindwa. Lakini mkondo wa kule una nguvu, si mahali pa kumpeleka mtu anayejaribu kwa mara ya kwanza. Kisha Wete kuna binamu.

Shimoni na Wasini, ng'ambo ya mpaka, kwenye hifadhi ya Kisite-Mpunguti: pasipoti yangu ilikuwa imekwisha muda. Tanga kuna yule samaki wa kale, silikanti, ambaye dunia iliwahi kudhani ametoweka, ila anaishi kina ambacho hata cheti cha shemeji hakifiki, na mimi sikwenda kutazama maji matupu.

Ikabaki Mafia. Mafia kuna papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, anayekula vijidudu na dagaa, na kwa binadamu hana habari. Ndugu zetu wa Kenya humwita papa shilingi kwa sababu ya yale madoa yake ya mviringo mgongoni. Nikasoma hapo nikafunga kalenda. Jedwali langu lilikuwa na safu ya bei, ya umbali, ya samaki, na ya wakwe. Safu ya mwezi sikuiweka.

Shemeji aliuliza, namshuhudia kwa haki. "Na Julai hao potwe wapo?"

Nikamjibu, na maneno haya yatanifuata kaburini: "Shemeji, potwe wa Mafia ni kama Kariakoo. Muda wote wapo."

Tuliruka Ijumaa na kandege kadogo, nusu saa tu kutoka Dar. Huku chini maji yanabadilika rangi kama kanga mpya. Mafia uwanja wa ndege uko mjini Kilindoni penyewe, ukishuka unatembea. Nikasema kabla ya kwenda hotelini tupite ufukweni tumwone potwe, maana nilikuwa nimesoma kwamba hula karibu na pwani hapohapo Kilindoni. Tukamkuta mzee mmoja anashona wavu chini ya mkungu.

"Shikamoo mzee. Tumekuja kumtazama potwe."

Akaitikia, akakata uzi kwa meno, akatutazama kuanzia viatu. "Nani?"

"Papa potwe."

"Potwe huja na kaskazi. Oktoba, Novemba hivi, mpaka Machi. Nyie mmekuja na upepo wa kusi." Akaonyesha kwa kidevu ngarawa yake iliyolala mchangani. "Hata hii inajua."

Shemeji hakusema kitu. Alivua miwani ya jua, akaifuta kwa kanzu, akaivaa tena. Tulipofika barabarani ndipo akaniuliza kwa upole sana, "Kama Kariakoo, eh?"

Tulilala Utende, kijiji kilicho kwenye ghuba ya Chole, ndani ya eneo la hifadhi ya bahari, ile iliyoanzishwa 1995. Kijana wa kituo cha kuzamia akatuambia nje ya ghuba kusi imechafua bahari, ila ndani kunazamika, na samaki wako tele. Jumamosi shemeji alizama mara mbili, mimi nikafundishwa kwenye maji ya kifuani: kupumua kwa mdomo, kutoa maji kwenye miwani, kubana pua na kusukuma hewa ili masikio yafunguke. Nikamwomba mwalimu anionyeshe mtungi wa oksijeni. Akasema si oksijeni, ni hewa hiihii unayovuta hapa, imeshindiliwa. Nikajisikia nimeibiwa kidogo.

Kisha akaniletea fomu. Una pumu? Hapana. Una kifafa? Hapana. Umefanyiwa upasuaji? Hapana. Ukurasa ule ulikuwa na maswali kama ya mahari, nikaona bora niteremke na kalamu: hapana, hapana, hapana, mpaka chini. Nikaweka sahihi.

Jumapili asubuhi nikavalishwa suti ya mpira. Wanasema zamani ulikuwa unavaa mfuko wa plastiki mguuni ili suti iteleze, lakini tangu 2019 mifuko ile imepigwa marufuku, kwa hiyo nilivutwa na wanaume wawili huku wa tatu akinimwagia maji. Waliponifikisha kiunoni wakapumzika. Tulipomaliza tukagundua zipu iko tumboni. Zipu inatakiwa kuwa mgongoni.

Chini ya maji, niseme kweli, nilisahau yote. Kwenye mita sita hivi matumbawe yalikuwa kama bustani ya mtu mwenye nafasi, wamejaa samaki wa manjano, wa buluu, na wenye mistari ya pundamilia. Chini ya jabali akatokeza chewa, mdomo wazi, akanitazama kama mjumbe wa nyumba kumi anavyomtazama mgeni ambaye hajaripoti. Mwalimu akanigeukia akiuliza kwa mkono kama niko salama. Furaha ikanijaa. Nikamwinulia dole gumba.

Chini ya maji dole gumba halimaanishi safi. Linamaanisha twende juu. Nilikuwa nimefundishwa jana yake: safi ni duara la vidole viwili. Mwalimu akanishika mkono, tukapanda polepole mpaka juu.

"Vipi kaka, kuna tatizo?"

"Hakuna! Safi kabisa!" Na dole juu.

Tukashuka. Akapita samaki taa, mkia umenyooka kama fimbo ya mkaguzi. Mwalimu akaniuliza. Dole. Tukapanda. Safari hiyo alivua miwani akanikumbusha lile duara mara tatu, mimi naitikia kama mwanafunzi wa chekechea. Tukashuka, nikamwona kasa anatafuna zake majani bila wasiwasi na mtu, na mkono wangu ukaenda wenyewe.

Tulipoibuka mara ya tatu alikikunja kidole changu kwenye ngumi kwa mkono wake mwenyewe. "Sasa sikiliza kaka. Wewe usiseme chochote. Ukifurahi, furahi kimoyomoyo. Ukiona shida ndiyo unishike."

Nikafurahi kimoyomoyo dakika 25.

Kwenye mashua nilikuwa mtu mwingine. Nikala ndizi mbili, nikamsimulia nahodha habari za chewa, nikasema natamani ningebaki ila haiwezekani, saa kumi naruka, kesho kazini.

Mwalimu akaacha kukunja kamba. "Saa kumi ya lini?"

"Leo."

Unajua vile watu wanavyonyamaza msibani mtu akitaja deni la marehemu. Shemeji akashika kichwa. Yeye tiketi yake ilikuwa ya Jumanne, na yangu hakuniuliza. Kwa nini amuulize mwenyeji? Mwalimu akatoa ile fomu kwenye mfuko usiopitisha maji, akaniwekea kidole kwenye swali la mwisho. Je, utasafiri kwa ndege ndani ya saa 24? Hapana, kwa mwandiko wangu mzuri.

Akanieleza, na hasira yake alijitahidi kuimeza. Ukiwa chini, ile hewa unayovuta ina naitrojeni, na uzito wa maji unaisukuma iingie mwilini. Inatakiwa itoke taratibu. Ukipanda ndege upesi, hewa ya huko juu ni nyepesi, naitrojeni inatoka kwa povu. "Umewahi kufungua soda iliyotikiswa?" Nikasema ndiyo. "Basi soda ni wewe." Kwenye kituo chao ni saa 18 ndipo uguse ndege, na hakuna maombi.

Saa kumi jioni nilisimama nje ya hoteli nikaiangalia ndege yangu ikipita juu, na kiti changu ndani yake kimekaa peke yake. Tiketi ilikuwa ya kutorudishiwa hela. Nyingine ya kesho yake ningeweza kuinunua kama hela ingekuwepo. Lakini nilikuwa nimelipa hoteli, hifadhi, mtungi, suti, na kwa heshima ya uenyeji, chakula cha usiku cha watu wawili. Papa shilingi sikumwona, shilingi zangu ndizo zilizokwenda. Na kumkopa shemeji, baada ya ile habari ya Kariakoo, ulimi ulikataa.

Kesho yake nikapanda kivuko cha kwenda Nyamisati, bara. Kusi ile ambayo ngarawa ya mzee inaijua, nami nikaijua. Tulipoiacha Kilindoni nyuma, chombo kikaanza kwenda ubavu ubavu kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Mama mmoja akanipa ndimu ninuse. Nikanusa, nikaila yote na ganda lake, haikusaidia. Hapo ndipo simu ikaita.

"Mwanangu, mbona leo hupatikani? Mkeo anasema hukurudi jana."

"Nipo mama. Nilizuiwa kupanda ndege."

"Walikuzuia? Sasa uko wapi? Hiyo inayonguruma ni nini?"

"Injini."

"Injini ya nini?"

"Ya meli, mama, lakini si..."

Wimbi likaja. Niliiegemea reli, simu mkononi, nikayatoa ya moyoni pamoja na ndimu. Nilipoirudisha simu sikioni, Mama alikuwa ameshaacha kuongea na mimi. Nilimsikia anamwambia mtu wa pembeni, taratibu kabisa, wala hakushangaa:

"Mwiteni shangazi yake. Huyu naye ameshaondoka."