Nairobi hadi Mombasa: saa moja ya ndege ni saa ngapi?

Muulize mtu wa Nairobi umbali wa Mombasa kwa ndege, atakujibu kwa muda: "Saa moja tu." Tiketi nayo husema hivyohivyo. Kutoka JKIA, uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi, hadi uwanja wa Moi wa Mombasa ni kama kilomita 420 kwa mstari ulionyooka, na jeti ikishatulia angani huenda karibu kilomita 800 kwa saa. Hesabu ya haraka ingetoa nusu saa. Lakini safari fupi haipati nafasi ya kutulia. Ndege hujivuta hadi kwenye njia ya kurukia, hupanda, na kabla hujamaliza maji uliyopewa masikio yameanza kuziba kwa kushuka. Ndiyo sababu Kisumu, iliyo kilomita 280 hivi, bado huchukua kama dakika 45.

Wapenzi wa treni hushikilia kwamba ukijumlisha msongamano wa Mombasa Road jijini Nairobi na ukaguzi wa uwanjani, ndege haina faida. Hapo siafikiani nao. Kituo cha Syokimau, treni ya Mombasa inakoanzia, kiko upande uleule wa mji na JKIA. Anayetoka Kikuyu, upande wa pili wa mji, huteseka barabara ileile. JKIA abiria hushushwa getini akapita kwenye mashine huku gari likimngoja mbele. Syokimau mabegi hupangwa chini kwa mstari, watu wakarudi nyuma, mbwa akapita akinusa moja baada ya jingine. Nimesimama kwenye mistari yote miwili, na sikuona ule wa treni ukienda mbio zaidi. Ukiondoa muda wa barabarani na wa ukaguzi, unaofanana, kinachobaki ni saa moja dhidi ya saa tano au zaidi. Ndege huokoa saa nne za kweli.

Ila saa nne hizo si za thamani moja kwa kila mtu. Tangu Januari 2024 daraja la kawaida la treni ni shilingi 1,500, na mara nyingi nauli ya ndege huwa mara kadhaa ya hiyo. Familia ya watu watano inayokwenda pwani Desemba haina la kujadili. Tena treni ya saa nne usiku haili siku ya kazi, ingawa inakushusha Miritini, kituo chake cha Mombasa, alfajiri mbichi, na kutoka hapo hadi mjini bado una safari nyingine. Aliyepigiwa simu kwamba mzazi amelazwa, huyo apande ndege, hata kama ni kwa mchango wa ndugu.

Kisumu ni habari nyingine kabisa. Reli mpya ya SGR, hii ya treni ya Mombasa, haijafika huko, na treni ya reli ya zamani hutumia usiku mzima. Mshindani halisi wa ndege ni basi, kilomita 350 hivi za barabara, saa saba ukibahatika. Kwa safari hiyo, dakika 45 zinastahili kila shilingi.