Ezekiel alistahili hadithi yake
Kuna mwandishi kaandika kwamba Total Drama, ile katuni ya vijana wanaoshindana na kutolewa mmoja mmoja, ilimpoteza mshiriki wake Ezekiel kwa kumfanya kichekesho tu. Ni kweli kabisa, na mimi iliniuma. Kijana wa shambani, kasomeshwa nyumbani, akatolewa wa kwanza kwa kudai wavulana wana nguvu kuliko wasichana. Hapo palikuwa na hadithi nzima: arudi, aombe radhi, abadilike. Badala yake, kwenye World Tour, msimu wa 2010 ambao washiriki walizunguka dunia kwa ndege, akaachwa ajifiche kwenye mizigo ya ndege hadi akawa kama mnyama, hata kuongea hawezi. Tuliangalia kwa flashi hapa Kirumba, Mwanza, mdogo wangu akabaki na dagaa mkononi, akauliza: "Kaka, kwani hana mama wa kumtafuta?" Na kwenye msimu huo washiriki walifika hadi Serengeti, hapo tu mbele ya Lamadi! Nyie mngemwandikia nini?