Uyoga juu ya mboji: hesabu isianzie kwenye mavuno

Wanaohimiza kilimo cha uyoga wana hoja tamu. Shamba likishavunwa hubaki mabua, majani makavu, pumba na samadi. Vikirundikwa na kuozeshwa vizuri, uyoga huota juu yake, na mkulima hupata chakula kutokana na kitu ambacho huenda angekichoma moto. Hoja hiyo ni ya kweli, na mimi ni mmoja wa wanaoiamini. Kinachonisumbua ni kwamba hesabu huanzia kwenye mavuno, ilhali kazi kubwa, gharama na hasara nyingi ziko nyuma yake, kwenye mboji.

Faida kwanza, maana si ndogo. Uyoga haujitengenezei chakula kwa jua kama mimea ya kijani. Huishi kwa kumeng'enya mabaki ya viumbe vingine. Bua kavu limejaa selulosi na lignini, vitu ambavyo tumbo la binadamu haliwezi kuvigeuza chakula. Nyuzi za uyoga, ambao ni aina ya kuvu, hupenya ndani ya bua, hutoa vimeng'enyo, huvunja vitu hivyo vigumu na kunyonya kilichovunjwa. Mchwa wanaofuga kuvu ndani ya vichuguu wameutegemea uwezo huo tangu zamani za kale, kabla binadamu hajashika jembe. Tena kazi yote hiyo haidai ekari: vitanda vya uyoga hupangwa kimoja juu ya kingine ndani ya chumba, na asiye na shamba kubwa anaweza kuingia.

Hapo hapo kuna sifa inayotiwa chumvi. Husemwa uyoga una protini asilimia 20 hadi 30, lakini kipimo hicho ni cha uyoga uliokaushwa. Uyoga mbichi ni maji kwa takriban asilimia 90, kwa hiyo gramu 100 zake hutoa gramu mbili au tatu tu za protini. Ni mboga nzuri sana, ila haichukui nafasi ya maharage.

Tukija kwenye mboji, kuna jambo ambalo wanaoanza huchanganya. Si kila uyoga unaihitaji. Uyoga wa mamama, yaani jamii ya Pleurotus, una nguvu ya kuivunja lignini moja kwa moja. Mabua hukatwakatwa, hulowekwa katika maji moto ya nyuzijoto 60 hadi 80 au katika maji ya chokaa ili kupunguza wadudu na ukungu, huchujwa, na mbegu, yaani nyuzi za kuvu zilizooteshwa tayari, hupandwa. Uyoga mweupe wa kifungo, Agaricus bisporus, ndio unaodai mboji hasa. Wakulima wa Ufaransa walikwisha kuuotesha juu ya samadi ya farasi zaidi ya miaka 300 iliyopita, na mwaka 1707 mtaalamu wa mimea Tournefort aliandika namna walivyofanya.

Kwa nini mboji? Kwa sababu bua lisiloozeshwa lina sukari rahisi, na penye sukari rahisi ukungu wa kawaida hukua upesi kuliko uyoga. Kuozesha ni kuwaacha bakteria wale ile sukari kwanza na kuifunga naitrojeni ndani ya miili yao. Uyoga huja baadaye kula mabaki ya bua pamoja na miili ya bakteria hao. Mboji nzuri, basi, ni chakula kilichoandaliwa kwa mlaji mmoja.

Kuiandaa si kazi ya kubahatisha. Mabua hulowanishwa mpaka yashibe, huchanganywa na samadi na jasi, kisha hurundikwa. Baada ya siku chache katikati ya lundo hufika nyuzijoto 70 hadi 80. Lazima ligeuzwe kila baada ya siku mbili tatu, kwa kuwa moyo wa lundo hukosa hewa, na penye ukosefu wa hewa hutoka harufu ya mayai viza. Hatua ya pili hufanyika ndani ya chumba kilichofungwa: joto la karibu nyuzi 60 kwa saa kadhaa ili kuua mayai ya nzi, minyoo na ukungu, halafu nyuzi 45 hadi 48 kwa siku kadhaa mpaka gesi kali ya amonia iishe. Anayeijua kazi hutwaa mkono mmoja wa mboji, huuminya, huunusa. Kiganja kinalowa bila maji kutiririka, bua ni la kahawia iliyoiva na linakatika kwa urahisi, na juu yake kuna madoa meupe kama majivu, alama ya bakteria wapendao joto. Pua ikichomwa na amonia, mbegu isipandwe. Nyuzi za kuvu zitakufa, au zitatangulia nyoga nyembamba za porini ambazo kofia zake huyeyuka na kuwa wino mweusi.

Sasa hasara. Katika kuozeshwa huko, karibu theluthi ya uzito mkavu hupotea kama maji na kaboni dioksidi. Ile amonia inayowakera majirani ni naitrojeni, yaani mbolea inayopaa. Maji yanayochuruzika kutoka kwenye lundo huchafua visima na vijito yasipokingwa na kurudishwa. Ukungu wa kijani, Trichoderma, ukiingia kwenye mboji iliyotengenezwa ovyo, chumba kizima kinaweza kukosa mavuno. Udongo wa kufunikia vitanda nao, kwa wakulima wengi wa uyoga huu, ni mboji ya kinamasi (peat), yaani mabaki ya mimea yaliyorundikana kinamasini, na ardhi za namna hiyo ndizo zilizohifadhi kaboni kwa maelfu ya miaka.

Na takataka haziondoki. Kwa kila kilo moja ya uyoga wa kifungo hubaki takriban kilo tano za mboji iliyotumika. Mkulima aliyeambiwa ataondokana na taka anajikuta na lundo jingine. Kwangu mimi hapa ndipo pa kupimia. Lundo hilo likirudi shambani, udongo unapata uhai na uwezo wa kushika maji, na mzunguko umekamilika. Liachwe kwanza linyeshewe na kupumzika, kwa sababu lina chumvi inayoweza kuunguza miche michanga. Likitupwa bondeni, uyoga umelinyang'anya shamba rutuba yake.

Swali la pili ni bua lenyewe lilikuwa linakwenda wapi. Kama lilikuwa la kuchomwa, sioni hoja ya kukataa kulitumia. Lakini mara nyingi bua ni chakula cha ng'ombe wakati wa kiangazi, au ndilo linalofunika udongo usichukuliwe na mvua. Kuliita taka ni kutomsikiliza mfugaji wa nyumba hiyo. Tena si kila bua linafaa: la shamba lililopuliziwa dawa karibu na mavuno, au mabaki yenye mchanganyiko wa taka za viwandani, yasiguswe. Uyoga hufyonza metali nzito kama kadimiamu na kuzirundika mwilini.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mkulima mdogo ni kuanza na uyoga wa mamama, usiodai mboji, na achunge hewa ya chumba, kwa kuwa vumbi la spora, chembe za uzazi zinazorushwa na uyoga uliokomaa, huwasababishia baadhi ya wavunaji ugonjwa wa mapafu. Anayeutaka uyoga wa kifungo asijaribu kuozesha peke yake kwenye uwanja mdogo. Uholanzi, nchi yenye uzoefu mkubwa, kazi hizo zimetenganishwa: viwanda hutengeneza mboji na hata kuiotesha nyuzi, mkulima hupokea ikiwa tayari na kubaki na kazi ya kuotesha na kuvuna. Ushirika wa wakulima unaweza kuwa na kiwanja cha pamoja chenye sakafu ngumu, mfereji wa kurudisha maji na chumba cha joto. Sharti lake ni umbali. Mboji iliyoiva ni maji kwa takriban theluthi mbili ya uzito wake, na lori likisafiri mbali linabeba maji zaidi kuliko chakula cha uyoga. Kiwanja kikae karibu na mabua, vyumba vya uyoga karibu na kiwanja, na mashamba ya kupokea mboji iliyotumika yajulikane kabla lundo la kwanza halijalowanishwa.