Mpango mkakati na mashine isiyo na mwenyewe

Kwenye chumba cha seva cha chuo kikuu nilichowahi kukifanyia kazi kulikuwa na mashine kuukuu, imesukumiwa pembeni, imebandikwa kikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu nene: USIZIME. Mwandiko ulikuwa wa fundi aliyekwisha kuacha kazi. Ilifanya nini? Hakuna aliyejua, wala aliyethubutu kuigusa.

Nikausoma mpango mkakati wa TEHAMA wa chuo hicho, wa miaka mitano. Maabara mpya, kompyuta mpya, mfumo mpya wa usajili. Ile mashine haikutajwa popote.

Hapo ndipo ninapotofautiana na waandishi wa mipango hii. Wanaandika kitakachonunuliwa, hawaandiki kitakachozimwa, wala nani atakitunza kilichopo. Chukua Moodle, mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni: haidai ada ya leseni, basi kikaoni inapitishwa kana kwamba haina gharama. Lakini inataka seva, inataka mtu wa kuisasisha, na inataka mtu wa kupokea simu ya mhadhiri usiku wa kuamkia mtihani. Mtu huyo asipotengewa fungu kwenye bajeti, mwaka wa pili mfumo unaanza kuchakaa, na wanafunzi ndio wanaoumia kwanza.

Anayeona hili ni jambo dogo atazame yaliyokipata Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi. Oktoba 2019 barua pepe ya ulaghai ilifunguliwa huko. Wavamizi wakakaa ndani kimya kwa wiki kadhaa, na uchunguzi ulionyesha kwamba walijipatia mamlaka makubwa kupitia seva ambazo hazikuwa zimesasishwa. Tarehe 23 Desemba wakafunga kwa usimbaji, yaani kwa kufanya data isisomeke bila ufunguo wao, seva 267, zikiwamo baadhi ya zile zenye nakala rudufu. Ili kupewa ufunguo, chuo kililipa bitcoin 30 (sarafu ya kidijitali), wakati huo karibu euro 200,000. Kilichowafungulia njia hao watu ni mashine zilizoachwa nyuma, za jamii ileile ya mashine yetu yenye kikaratasi.

Ndiyo maana, kwa maoni yangu, ukurasa wa kwanza wa mpango uwe orodha ya vilivyopo: kila mfumo, jina la anayeutunza, tarehe ya kustaafishwa, na siku ya mwisho nakala zake rudufu zilipojaribiwa kwa kurejeshwa kweli. Kuwa na nakala ambayo haijawahi kurejeshwa hakunipi usingizi. Ununuzi ufuate baadaye, na mikutano ya kuupanga imwite pia kijana wa dawati la msaada, maana yeye anajua kinachoharibika kila Jumatatu.

Ile mashine tuliizima wakati wa likizo, kwa makusudi, tukakaa karibu na simu. Siku ya nne ofisi ya mabweni ikapiga: orodha ya vyumba haichapishwi. Tuliihamishia kazi hiyo kwenye seva nyingine mchana uleule, tukaandika jina la anayeisimamia, na kikaratasi tukakibandua.