Baba Akifika kwa Daktari Anapona

Ugonjwa wa baba yangu unaogopa koti jeupe. Akiwa kwake Newala goti linamtesa, kifua kinabana, macho yanaona ukungu hata siku ambayo Newala yenyewe haina ukungu. Simu inaita saa kumi alfajiri: "Mwanangu, safari hii sivuki." Basi nafunga duka. Nauza spea za pikipiki hapa Mtwara mjini, na duka la spea likifungwa siku moja wateja wanahamia kwa jirani bila hata kuaga. Nakodi gari, namfuata. Njia nzima anaugulia. Tukikata kona ya hospitali, anaongeza sauti.

Halafu mlango wa daktari unafunguliwa, kijana wa watu anasema, "Shikamoo mzee, unasumbuliwa na nini?"

"Marahaba mwanangu. Mimi sijambo kabisa. Huyu hapa ndiye ana wasiwasi."

Na goti lile lile lililonifungisha duka analikunja na kulikunjua mbele ya daktari, bila kuombwa. Daktari akanitazama, akasema kwa kuwa tumeshafika tupime wote. Presha yangu ilikuwa juu kuliko ya mzee. Baba alitoka mle ndani amenishika mkono, ananiongoza pole pole, anawaambia watu wa kwenye benchi, "Nimemleta mwanangu."

Tena kumfikia huyo daktari si mchezo. Kuna dirisha la wazee, na tangazo ukutani kwamba mzee apewe kipaumbele. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema mzee ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, na asiye na uwezo atibiwe bure. Safi kabisa. Shida ni umri wa baba. Yeye anajua kazaliwa msimu ambao nguruwe pori walimaliza mihogo yote, basi. Walipokuja watu wa kitambulisho cha taifa akaulizwa mwaka, akataja uliomjia mdomoni. Baba mdogo, aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, akaona na yeye ajipe heshima, akataja wa zamani zaidi. Kwa hiyo mbele ya serikali baba ni mdogo wa mdogo wake, na mimi alinizaa akiwa darasa la tano. Baba mdogo naye hafanyi masihara. Kwenye harusi ya binamu yetu alikaa mkao wa kusubiri shikamoo kutoka kwa kaka yake, kitambulisho kikiwa mfuko wa shati.

Hapo kwenye benchi la wazee lazima akutane na mtani wake wa Masasi. "Kumbe bado upo? Sisi huku tulishanunua mchele wa pilau." Baba anacheka mpaka machozi, anamjibu kwamba jeneza la mtani lilishachongwa, limebaki kupigwa vanishi. Wanashikana mikono, wanagongana mabega, mpaka nesi anatoka kuuliza mgonjwa ni nani hapa. Nampeleka mtu hospitali, najikuta nimempeleka kijiweni.

Dawa ndiyo habari ndefu. Dirishani wanakwambia hii ipo, hii kanunue nje. Nanunua nje. Vidonge vya presha vya mwezi mzima, kimoja kila asubuhi, mtoto wa darasa la kwanza anaelewa. Mwezi unaisha, vidonge vimebaki. Kumbe mzee anavikata. Nusu anameza, nusu anaweka akiba mpaka msimu wa korosho, maana huwezi jua bei itakuwaje. Vingine kamgawia jirani, kichwa kilikuwa kinamuuma, na yeye hakulelewa kula peke yake mwenzake akimtazama. Vyote hivyo anavitunza kwenye kikopo cha ugoro. Nilikifungua mwenyewe: vidonge vilivyokuwa vyeupe vimegeuka rangi ya udongo, vimeshikana viwili viwili, vina vumbi la tumbaku mpaka kwenye ule mstari wa kukatia. Akimeza kimoja anapiga chafya tatu mfululizo, anapangusa pua, anasema, "Imeingia."

Na sukari ipo pia. Nesi wa kliniki alimweleza taratibu kabisa: soda aache, sukari kwenye chai aache, ale mboga, na matunda kwa kiasi. Katika maneno yote hayo baba alibeba moja tu, matunda. Msimu wa mabibo ulipofika nikamkuta chini ya mkorosho na mzee mwenzake, katikati yao ndoo ya uraka.

"Baba!"

"Nini? Kwani hii nini?"

"Uraka, baba. Pombe."

"Ya nini?"

"Ya mabibo."

"Bibo ni nini?"

"Tunda."

"Na nesi alisema nile nini?"

Yule mzee mwenzake akanitazama kwa huruma, akatikisa kichwa. Ada yote ile iliyolipwa, mtoto hajui matunda.

Mama ninaye mwenyewe hapa Chikongola. Alikuja kutolewa mtoto wa jicho, akatolewa, namshukuru Mungu, anaona vizuri. Sasa anaona kila kitu. Ameona nyufa za ukuta, ameona kola ya shati langu, ameona kwamba mjukuu wake wa pili hafanani na mtu yeyote wa kwetu, na hilo alilisema mama watoto akiwepo.

Lakini kiboko ni maji. Mama amekulia juu ya uwanda wa Makonde, ambako kupata maji ilikuwa ni kuteremka bondeni gizani na kupanda na ndoo kichwani. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia aamini bomba. Kila asubuhi anafungulia na kujaza: ndoo, madumu, beseni la kufulia, masufuria yote kwa ukubwa wake, jagi, chupa ya chai. Juzi mama watoto kataka kupika wali, kila chombo kina maji, na ruhusa ya kumwaga hakuna. "Yamwagwe? Maji yamwagwe?" Mama alisema kwa sauti kama vile tumetaja kumwaga mtoto. Tulikula mkate. Kitinda mimba alikwenda shule na maji kwenye kopo la chakula, na bili ikija inakuja kwa jina langu.

Mtasema si baba naye ahamie mjini, wawe pamoja? Hataki. Anadai joto la Mtwara linaharibu damu, na mikorosho haiwezi kulala peke yake. Kwa hiyo ndoa yao ya zaidi ya miaka 40 inaendeshwa kwa simu yangu. Nawasha spika, baba anasikia kila neno, mama anajua kwamba anasikia, lakini wapi!

"Mwambie baba yako yule kuku mweusi asiuzwe."

"Baba, mama anasema..."

"Mwambie mama yako ameshauzwa."

Kimya. Vocha inakatika, yangu.

"Muulize kauza bei gani."

Ikifika Juni, mikorosho inapoanza kuchanua, ndipo utamtambua mzee. Ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu, ukiingia kwenye maua huna korosho, lazima dawa ya salfa ipulizwe. Nimetafuta kijana, nimemlipa, mashine anayo. Baba anamfuata nyuma shamba zima akimwonyesha matawi aliyoyaruka. Goti ambalo hospitali linabebwa kwenye kiti cha magurudumu linazunguka ekari zote hizo toka asubuhi. Jioni anapiga simu anakohoa, "Nadhani ni mabadiliko ya hewa." Ukimwambia akae nyumbani anaanza kukutambulisha kwa miti. Huu ndio uliokusomesha. Ule ulitoa mahari ya mkeo. Ule wa pembeni ndio ulizaa 2018, serikali iliponunua kilo kwa shilingi 3,300. Nami inabidi nisimame mikono nyuma, nisikilize mkorosho.

Minada ikianza Oktoba, fedha zinapita chama cha ushirika zinaingia benki, na benki ina namba ya siri. Jamani. Namba ya siri ya baba inajulikana tarafa nzima. Anafika kwenye mashine, anageukia foleni, anaitaja kwa sauti aulize kama ndiyo yenyewe, na foleni inamjibu kwamba ndiyo. Nikamwambia baba, siri hiyo. Akasema hapa wote ni watu wa kwetu, anayetaka kuniibia nitamjua mama yake.

Baada ya yote hayo mtoto mwema ni nani? Kaka yangu aliye Dar es Salaam. Kaka ana mtaji mmoja tu, salamu. Anapiga Jumapili jioni, anauliza hali, anauliza shamba, anauliza kuku kwa rangi zao. Baba ananisimulia wiki nzima: "Kaka yako alinisalimia vizuri mpaka maumivu yakapungua." Mimi niliyenunua dawa ya hayo maumivu nimekaa pale pale, nimeshika risiti. Dada wa Nachingwea angalau hutuma gunia la mbaazi, mbaazi unaweza kupika, ukipata sufuria.

Jana usiku simu tena. Nikajua goti. Hapana, goti limepoa, ila anakuja mjini leo hii hii kumshukuru yule daktari, kijana mwenye adabu, aliyemsikiliza na kumwambia ukweli kwamba hana tatizo. Yupo pamoja na mtani wa Masasi, maana naye ana mguu na hana pa kufikia. Wanashukia stendi ya Mkanaledi saa nne.

"Uje na bajaji kubwa kidogo," akasema.

"Bajaji zote saizi moja, baba. Mmebeba nini?"

"Mbuzi wa daktari."

Nyumba yenyewe ya kupanga. Mwenye nyumba alishakataza kuku.