Pedi Isiyo na Waya Inataka Waya

Jamani, kitu kikiandikwa kwenye boksi "bila waya", kwa herufi kubwa, na pembeni vimechorwa vile vimawimbi vya hewani, mimi mnunuzi nielewe nini? Mimi nilielewa hakina waya. Ndiyo maana pale Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, nilikubali kuongeza hela, wakati pedi ya gemu ya waya ilikuwa inaning'inia msumarini mbele ya macho yangu kwa bei ya chini kabisa. Nikasema hapana. Mtu mzima nataka nikae kwenye kochi, mto mgongoni, nicheze mpira na jirani bila watoto kujikwaa sebuleni.

Basi Ijumaa jioni Baba Imani kaja, kavua kandambili mlangoni, keshachagua timu (huyu bwana hana haya, kila siku anachukua timu bora duniani halafu anajisifu kwa ufundi). Laptopu ya mpwa wangu tumeshaiunga kwenye TV. Nawasha pedi, kioo kinaniletea maandishi: kuna toleo jipya la programu dhibiti, sasisha sasa.

Hiyo programu dhibiti, kwa lugha ya hapa mtaani, ni ile akili ndogo iliyomo ndani ya pedi yenyewe, inayojua kwamba kidole kikigusa hapa ni shuti na kikigusa pale ni pasi. Sasa pedi yangu tangu iingie nyumba hii shuti inapiga, pasi inatoa. Haijawahi kuniomba muda ikafikirie. Inaapdetiwa nini?

"Bonyeza baadaye," akasema Baba Imani. Nikabonyeza baadaye. Mpira ukaanza, na hiyo "baadaye" yao kumbe ni dakika chache tu. Maandishi yakarudi yamekaa usawa wa kipa wangu. Sikumuona kipa, sikuuona mpira, nilichosikia ni mtangazaji anashangilia. Baba Imani naye kainuka anashangilia, eti goli ni goli.

Nikamwita mpwa wangu. Huyu kijana yuko chuo, anasoma mambo ya kompyuta, na ukimuuliza swali dogo anakupa mhadhara.

"Anko, hiyo lazima uchomeke waya."

"Pedi yangu haina waya."

"Ndiyo anko, lakini kwa apdeti inataka waya."

Akaanza. Eti hewani kuna msongamano. Wi-Fi iko gigahezi 2.4, blututhi iko humo humo, pedi yako humo humo, hata oveni ya maikrowevu ya watu wenye nazo inafanya kazi kwenye masafa hayo hayo. Ukiwa unacheza, chembe ya data ikipotea njiani pasi inachelewa kidogo, basi. Lakini ikipotea wakati pedi inaandikiwa akili mpya, na ile ya zamani imeshafutwa, pedi inabaki bila kichwa. Ndiyo maana watengenezaji wengi wanakuambia chomeka waya na usiguse kitu. Nikamwambia sawa, nimeelewa, sasa kwa nini hayo hayakuandikwa kwenye boksi? Hapo mhadhara ukaisha.

Haya, waya. Nyumba hii ina droo nzima ya nyaya. Ule uliokuja na pedi ulishahamia Tanga na tochi ya kuchaji ya mama mkwe, na huko siwezi kuufuata. Nikatoa wa spika, wa feni ndogo ya mezani, wa mashine ya kunyolea, wote taipu C, wote wanaingia vizuri kabisa. Nachomeka, kitaa cha pedi kinawaka chekundu, inapokea chaji kwa furaha zote. Laptopu kimya. Hakuna hata ule mlio wa kukaribisha mgeni. Nageuza kichwa cha waya, nahamia tundu jingine. Kimya.

Mpwa wangu akachukua waya mmoja uliochubuka shingoni akanionyesha. Ndani mna vinyaya viwili tu, chekundu na cheusi. Hivyo vinaleta umeme. Palitakiwa pawe na vingine viwili, cha kijani na cheupe, hivyo ndivyo vinavyobeba maneno. Vitu vya bei rahisi vya kuchaji mara nyingi vinakuja na waya wa namna hii, wamebana matumizi, kwa sababu feni haina la kuzungumza na mtu. Na kwa nje huwezi kujua! Unene ule ule, kichwa kile kile. Angalau wangeweka alama, huu bubu, huu si bubu.

Waya pekee wenye vinyaya vinne kwenye nyumba hii ulikuwa ukutani, kwenye simu ya mke wangu.

"Mama Nasra, niazime huo waya dakika tano."

"Dakika tano za saa au zako?"

"Za saa."

"Simu ina asilimia tisa, na kikoba wanatuma majina ya watakaokopa leo."

Tulikubaliana. Masharti siyaandiki hapa.

Nikachomeka. Laptopu ikalia mlio wake, nikajisikia nimefunga goli. Programu ya pedi ikafunguka, ikaniambia kabla haijaiapdeti pedi, inabidi yenyewe iapdetiwe kwanza. Naelewa kweli? Aliyekuja kumrekebisha mwenzake naye anataka kurekebishwa. Tukawasha hotispoti ya simu yangu, bando langu la wiki likaanza kuteremka huku naliangalia. Mamia ya mega. Nini kimejaa humo? Picha ya pedi inayozunguka, na rangi za kuchagulia taa. Faili lenyewe linaloingia kwenye pedi ni dogo, picha moja ya harusi ya simu ya kisasa inalizidi.

Watu wa zamani walistarehe. Atari ya 1977, pedi yake ya kawaida ilikuwa fimbo moja na kitufe kimoja. Famicom ya Wajapani ya 1983, pedi zake nyaya zilikuwa zimeingia ndani ya mashine moja kwa moja, huchomoi. Na sisi tuliokulia kwenye makopi yake, yale ya kaseti, tatizo likitokea unachomoa kaseti, unapuliza, unarudisha. Hakuna aliyeambiwa kitufe chake kimepitwa na wakati.

Hatimaye mstari ukaanza kutembea. Chini yake onyo: usichomoe waya, usizime kompyuta. Wala sina mpango huo. Ila hii laptopu ya mpwa wangu betri yake ilishakufa kitambo, inaishi kwa umeme wa ukutani tu. Na mstari uko sitini na kitu, ndipo mita ya LUKU ikaanza kulia. Ti, ti, ti. Uniti zinaisha.

Hapo ndipo nilipoona familia ina umoja. Mimi nanunua umeme kwa simu ile ile inayorusha hotispoti, mpwa anasoma tokeni kwa sauti, Nasra yuko juu ya stuli mbele ya mita anabonyeza. Tarakimu ishirini! Katikati Baba Imani anauliza kama kuna chai. Nasra akachanganyikiwa, akafuta, akaanza upya. Mimi macho yako kwenye mstari, nasema moyoni, mwanangu, sita si tisa, sita si tisa. Mita ikakubali. Mstari ukafika mwisho. Pedi ikatetemeka mara moja mkononi mwangu.

Nikasoma wameandika nini kuhusu hilo toleo jipya. "Tumeboresha uthabiti na kurekebisha hitilafu ndogo ndogo." Hitilafu zipi? Fundi gereji akikurudishia gari akakuambia amerekebisha vitu vidogo vidogo, utamlipa?

Halafu pedi ikagoma kuonana na TV. Taa inapepesa tu. Mpwa akajikuna kichwa: "Anko, tumesahau risiva." Yaani kile kidude kidogo kinachochomekwa kwenye laptopu kupokea mawimbi nacho kina akili yake, nacho kina toleo lake, na kwa pedi hii matoleo yasipolingana hawasalimiani. Nacho kikaapdetiwa. Kitufe chake cha kuunganisha kiko ndani ya kitundu ambacho hata kidole cha mtoto mchanga hakipiti, tukakibonyeza kwa hereni ya Mama Nasra, ambaye kwa wakati huo simu yake ilishazima na jina la mkopo limepita.

Tukacheza. Na nikamfunga Baba Imani na timu yake bora duniani, tatu kwa moja, goli la tatu nimempiga chenga kipa kabisa.

Akaweka pedi yake mezani, ile ya waya ya miaka yote, akaiangalia. Akasema mechi haihesabiki. Eti mimi nacheza na toleo jipya, yeye ana toleo la zamani, huo si ushindani wa haki, anakata rufaa. Soda hanunui mpaka na yeye aende nyumbani akaapdeti ya kwake, turudiane kesho.

Nikamwambia jirani, pedi yako haina apdeti, hiyo unachomeka unacheza. Hakusikia. Alishavaa kandambili, na mkononi kashika waya wa Mama Nasra.