Sarafu mbili za dhahabu, namba moja

Wanaopinga gredi za sarafu, yaani namba za ubora zinazotolewa na kampuni za kupima, husemwa vibaya: eti ni wauzaji wa zamani wasiotaka kazi yao ikaguliwe. Wanaonewa. Wengi wao wanakubali kabisa kwamba kampuni za kupima zimeokoa fedha za watu. Dola 20 ya dhahabu ya 1907 yenye michoro iliyoinuka iliwahi kughushiwa kwa ustadi wa kutisha, hadi ilipoonekana herufi ndogo mno ya Kigiriki, omega, alama ya mghushi, ndani ya ukucha wa tai. Tena kabla ya kampuni ya PCGS kuanza kupima mwaka 1986 na ya NGC mwaka 1987, sarafu iliweza kuwa "safi" mwenye duka akiuza na "imechakaa" akinunua. Na mnunuzi aliye mbali anahitaji kipimo fulani cha kuanzia. Hapo sina ubishi.

Ubishi uko kwenye namba. Kipimo cha 1 hadi 70 kilitungwa na William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za Marekani, nacho kilikuwa kipimo cha bei: senti ya 70 ihesabiwe kuwa na thamani mara 70 ya senti ya 1. Uwiano huo ulikufa zamani. Namba zikabaki, zikahamishiwa kwenye dhahabu, na leo sarafu ambazo hazijawahi kutumika zina ngazi 11, kuanzia 60.

Chukua dola 20 yenye kichwa cha Liberty, mwanamke anayewakilisha uhuru. Ishike ukingoni, iinamishe polepole chini ya taa moja. Mng'ao ukizunguka bila kukatika hata juu ya nywele, haijatumika. Lakini dhahabu ni laini, na sarafu hizi, kila moja gramu 33 na ushei, zilisafirishwa kwenye magunia zikigongana. Moja ina kovu katikati ya shavu, pale jicho linapotua kwanza. Nyingine ina makovu matatu, yote yamejificha kati ya nyota. Zote mbili zinaweza kupewa 64.

Kinachonikera zaidi ni kuvunja makasha ambamo kampuni hufungia sarafu pamoja na lebo ya gredi yake. Mwenye 64 anayeamini inastahili 65 hulivunja kasha la plastiki, akaituma sarafu upya. Safari nyingine hurudi na 65, na bei hupanda ilhali chuma ni kilekile. Lebo ya zamani isiporudishwa, rejista ya kampuni, yaani hesabu ya sarafu ilizopima, huihesabu kama sarafu mpya. Ikitumwa mara nne, huweza kuonekana nne. Mnunuzi anayepima uadimu kwa rejista hiyo anasoma hamu ya watu ya kupandishiwa gredi, akidhani anasoma idadi ya sarafu.

Soko lenyewe limelikiri tatizo. John Albanese, aliyeanzisha NGC, alianzisha kampuni nyingine, CAC, mwaka 2007 ili kukagua sarafu ambazo tayari zimo kwenye makasha na kubandika kibandiko cha kijani kwa zile zinazostahili namba zilizopewa. Namba ingetosha, kibandiko hicho kingepata wapi kazi?

Kati ya zile 64 mbili, mimi ningelipa zaidi kwa yenye shavu safi, hata kama lebo yake ingesema 63.